Bunduki isiyo na Moto: Silaha, Ushuru na Maneno Yake katika Njia ya Katanga

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu, mzee aliyekwisha kustaafu kazi na kurudi shambani, alisafiri kwa ndege kutoka ng'ambo akiwa na bunduki ya hewa ndani ya sanduku lake. Aliinunua dukani, mchana kweupe, na risiti aliitia mfukoni. Nia yake ilikuwa moja tu: kuwafukuza kanga waliokuwa wakifukua mbegu za mahindi yake kila mwanzo wa mvua. Alipofika kwenye mlango wa forodha, ambao sitautaja, kijana aliyekuwa zamu alilifungua sanduku. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili cha mjini kwetu. Hapa ninayaandika kwa Kiswahili sanifu.

— Papa, hii ni bunduki. Iko wapi ruhusa yake?

— Mwanangu, hii ni bunduki ya hewa tu. Haina moto, haina baruti.

— Papa, wewe mwenyewe umeiita bunduki.

Kijana akaandika katika karatasi yake maneno mawili ya Kifaransa ambayo, yakigeuzwa neno kwa neno, maana yake ni "silaha ya moto". Bunduki ikabaki pale. Mjomba alikwenda na kurudi kwa miezi mingi. Kila mara aliambiwa alete karatasi nyingine. Hatimaye aliacha kwenda. Mvua zikanyesha, kanga wakala mbegu.

Mimi si mwanasheria, wala sikuandika makala haya ili kumtetea mjomba wangu au kumlaumu kijana yule, ambaye huenda alitimiza wajibu wake. Nimezoezwa katika isimu, na kilichonishughulisha ni kwamba watu wawili wanaosema lugha moja, wakikitazama kitu kimoja mezani, walishindwa kupatana juu ya jina lake, na hatima ya kitu hicho ikaamuliwa kwa jina hilo. Je, bunduki ni nini? Ni kitu kitoacho moto, au ni kitu kirushacho risasi? Na ni nani aliyepewa mamlaka ya kujibu? Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili si geni katika Katanga. Limeulizwa katika kila mlango ambamo silaha zilipita kuja huku, tangu njia ya misafara hadi njia ya anga, na kila mara jibu lilitegemea zaidi mtu aliyeibeba silaha kuliko silaha yenyewe.

2. Maneno kabla ya sheria

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno hutunza kumbukumbu ambayo wasemaji wameisahau. Neno "bunduki" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Wako wanaolihusisha na jina ambalo Waarabu waliupa mji wa Venice, yaani al-Bunduqiyya. Lakini kuna neno "bunduq" ambalo maana yake ya asili ni aina ya kokwa, na ambalo Waarabu walilipokea kutoka lugha ya Kiyunani. Kwa kuwa kokwa ile ni ya mviringo, jina lake likatumiwa pia kwa vidonge vya udongo au vya risasi vilivyorushwa kwa upinde maalumu wa kuwindia ndege. Hatimaye baruti ilipokuja, jina la kidonge likahamia kwenye chombo kipya kilichokirusha.

Kama asili hii ndiyo ya kweli, na ndiyo yenye nguvu zaidi, basi hapo mwanzo jina la bunduki halikuwa na moto hata kidogo. Lilitaja kile kinachotoka, si kile kinachosukuma. Mjomba wangu aliposema "bunduki ya hewa" hakukosea lugha. Pasipo kujua, aliirudisha karibu na chanzo chake: kidonge kidogo, kisicho na moshi, kinachomwendea ndege aliye shambani.

Moto umo katika maneno mengine. "Baruti" ni neno la Kiarabu na la Kituruki pia. "Risasi" ni madini yenyewe yaliyoyeyushwa kuwa kidonge. "Fataki" ni kile kidude kinachopigwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti. "Gobori" ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu. "Gumegume" ni bunduki ya zamani zaidi, inayotoa cheche kwa jiwe. Haya yote ni maneno ya biashara, na yalisafiri pamoja na bidhaa. Jirani zetu wasemao Kilingala huita bunduki "mondoki", na ufanano wa neno hilo na letu hauelekei kuwa wa bahati. Hapa Katanga watu wameunda neno lao wenyewe, "pupu", kwa bunduki zinazotengenezwa na wahunzi wa vijijini. Neno hilo laelekea kuiga mlio wake. Kwa hiyo mbele yetu tuna njia tatu za kuita silaha: kwa kinachotoka, kwa kinachowasha, na kwa mlio.

3. Njia ya Bunkeya: forodha, hongo na ushuru

Katika karne ya 19 Katanga ilikuwa katikati ya njia mbili za biashara. Upande wa magharibi njia ilikwenda Bihe na Benguela, kwenye pwani ya Waportugesi. Upande wa mashariki ilikwenda Unyamwezi hadi Bagamoyo na Unguja. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi ambaye baba yake Kalasa alikuja huku kununua shaba, alisimamisha ufalme wake wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya mahali ambapo njia hizo mbili zilikutana. Pembe, shaba, chumvi na watumwa vilitoka. Nguo, shanga, bunduki na baruti viliingia. Nguvu ya Msiri ilisimama juu ya bunduki, na bunduki zilisimama juu ya baruti, ambayo haikutengenezwa Bunkeya. Risasi mtu aliweza kuifua hata kwa shaba ya nchi. Baruti ilibidi itoke pwani.

Bunduki iliyotoka Unguja ilipita milango mingapi kabla ya kufika Bunkeya? Mlango wa kwanza ulikuwa forodha ya Sultani. Neno "forodha" ni la Kiarabu, nalo maana yake ya kale ni mahali pa bandari ambapo vyombo hutia nanga na bidhaa hutozwa. Sultani hakuisimamia forodha yake mwenyewe. Aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji, na baadaye Taria Topan. Kodi ya bidhaa zilizoingia ilikuwa 5 kwa mia, kiasi kilichowekwa katika mikataba na mataifa ya nje. Katika mkataba wa Septemba 1833 baina ya Sultani Said na Marekani mna sharti moja lenye mafunzo: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe katika kisiwa cha Unguja ila kwa serikali yenyewe, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe kwa uhuru kwa yeyote atakayetoa bei ya juu. Yaani silaha ilikuwa hatari karibu na nyumba ya mfalme, na bidhaa tu mbali nayo. Bara, ambako mbali huko kulikuwa na Katanga, hakukutajwa kabisa.

Mlango wa pili ulikuwa njiani. Huko Mrima majumbe na madiwani walitoza misafara; katika nchi za ndani, hasa Ugogo, kila mtemi alidai "hongo" yake kabla ya kuruhusu maji na njia. Hongo wakati ule haikuwa jambo la aibu. Ilikuwa kodi ya halali, iliyojadiliwa mchana mbele ya watu, na msafara ulioilipa ulipata ulinzi. Leo, katika Kiswahili sanifu, neno hilo hilo lina maana ya rushwa. Historia ya neno hili yatosha kutufundisha jinsi malipo yanavyobadilika hadhi pale yule anayeyapokea anapovuliwa mamlaka ya wazi na kubakiwa na mkono tu.

Mlango wa tatu ulikuwa Bunkeya kwenyewe, ambako Msiri alijitahidi kuweka biashara ya pembe na ya baruti mikononi mwake. Naye alikuwa forodha.

Wingi wa silaha zilizopita katika milango hii ulikuwa mkubwa. Baada ya majeshi ya Ulaya kupata bunduki mpya zinazotiwa risasi kwa nyuma, zile za zamani ziliuzwa kwa bei rahisi, nyingi zikaletwa Afrika. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo huo, vita vya Abushiri vilipopamba moto, manowari za Wajerumani na Waingereza ziliizingira pwani, na kuingiza silaha kukakatazwa. Aliye mbali ndiye aliyeona upungufu. Huko Garenganze, ambako Wasanga walikwisha kumwasi Msiri, kila pipa la baruti lililokosa kufika lilikuwa sehemu ya ufalme iliyomomonyoka.

Hapa yafaa nitaje neno la nne. Sisi wa Lubumbashi tukienda forodhani husema tunakwenda "duane", kwa kufuata Kifaransa. Wengi hudhani kwamba neno hilo ni la kigeni kabisa katika Kiswahili. Lakini neno la Kifaransa lenyewe lilitoka Italia, na Italia lilitoka kwa Waarabu, ambao nao walilipata Uajemi: ni "diwani", daftari na ofisi ya serikali. Diwani wa Bagamoyo aliyetoza msafara na duane ya Lubumbashi ni ndugu wa ukoo mmoja waliopitia njia mbili, mmoja kwa bahari ya Hindi, mwingine kwa Ulaya, wakaja kukutana katika Katanga.

4. Brussels, 1890: bunduki za nani?

Mkataba wa Berlin wa Februari 1885 ulikuwa umekataza kutoza kodi ya bidhaa ziingiazo katika bonde la Kongo. Biashara iwe huru kwa muda wa miaka 20. Dola Huru ya Kongo ilizaliwa, kwa hiyo, bila ya forodha ya uingizaji. Katika mkutano wa Brussels, uliomalizika kwa kutiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890, mambo mawili yaliamuliwa pamoja. La kwanza, nchi za bonde la Kongo ziliruhusiwa kutoza kodi isiyozidi 10 kwa mia ya thamani ya bidhaa. Msomaji anayejua Kiarabu ataona hapa jambo la kuvutia: "ushuru" wetu unatokana na neno lenye maana ya sehemu moja katika kumi. La pili, uingizaji wa silaha za moto ulikatazwa katika eneo lote lililo baina ya mstari wa 20 kaskazini na mstari wa 22 kusini mwa Ikweta, kutoka bahari hadi bahari. Katanga nzima imo ndani ya mistari hiyo.

Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hatuna haki ya kuidharau, maana ni kweli kwamba bunduki na minyororo vilisafiri katika msafara mmoja. Lakini hebu tuangalie jinsi katazo hilo lilivyopangwa. Silaha zote zilizoingia zilipaswa kuwekwa katika ghala la serikali. Bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu na silaha nyingine za kisasa hazikutolewa ghalani ila kwa ajili ya majeshi, na kwa watu binafsi waliodhaminiwa, ambao walipewa ruhusa kwa jina lao na silaha yao ikatiwa alama na kuandikwa. Zile za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kutolewa na kuuzwa katika sehemu ambazo wakubwa wangeziruhusu.

Hivyo sheria iligawa silaha katika makundi mawili, na kwa kufanya hivyo iligawa watu. Mwenye gumegume alijulikana kuwa ni nani, na mwenye bunduki ya mifereji alijulikana vilevile. Hakuna kifungu kilichohitaji kuandika rangi ya ngozi. Aina ya mtutu ilitosha. Katika Kiswahili neno "gumegume" limebaki na maana mbili hadi leo: bunduki ya kale, na mtu asiyefaa kitu. Sidai kwamba mkutano wa Brussels ndio ulioleta maana ya pili. Nasema tu kwamba watu walioachiwa silaha ile hawakuhitaji kuelezwa thamani yake.

Miezi 17 baada ya sahihi za Brussels, tarehe 14 Desemba 1891, msafara wa Kapteni William Stairs uliwasili Bunkeya. Ulikuwa umetoka Bagamoyo mwezi wa Julai, ukapita Tabora, ukavuka ziwa Tanganyika kutoka Karema. Stairs, mzaliwa wa Halifax huko Kanada, alikuwa akiitumikia Kampuni ya Katanga iliyoundwa Aprili mwaka ule. Wapagazi wake, ambao wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiswahili kutoka Unguja na pwani, walibeba mabegani mwao bunduki za kisasa kwa njia ile ile ambayo ilikuwa imefungwa kwa wengine. Tarehe 20 Desemba Msiri alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye aliuawa katika tukio hilo. Aliyefungiwa mlango wa baruti aliangushwa na bunduki iliyopitishwa mlangoni kwa heshima. Sioni katika historia ya nchi yetu mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba ruhusa ya silaha ni sura ya utawala kabla ya kuwa suala la usalama.

5. Kutoka mabegani hadi angani

Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na tangu hapo mzigo wa mpagazi, uliokuwa na uzito wa frasila mbili hivi, ulipokewa na behewa. Forodha ilihamia Sakania, mpakani. Silaha za wawindaji na za walowezi zilikuja kwa garimoshi zikiwa na karatasi zao. Gobori na pupu zilibaki vijijini, mara kwa ruhusa, mara kwa siri.

Mwaka 1919 ulileta mambo mawili katika majuma machache. Mwezi wa Septemba, huko Saint-Germain, mataifa yaliandika upya mkataba wa biashara ya silaha, na sehemu kubwa ya Afrika ikabaki eneo la katazo. Mwezi wa Oktoba, huko Paris, mataifa yaliandika mkataba wa kwanza mkubwa wa usafiri wa anga. Kifungu cha 26 kilisema waziwazi kwamba ni marufuku ndege kuchukua baruti na vilipukizi vingine, silaha na zana za vita katika safari za kimataifa. Tuzingatie tarehe: safari ya kwanza ya ndege kutoka Ubelgiji hadi Léopoldville, ile ya Edmond Thieffry, ilikuwa ya 1925, na njia ya kudumu ya shirika la Sabena baina ya Ubelgiji na Kongo ilifunguliwa 1935. Yaani anga letu lilifungiwa silaha kabla ya kupata njia ya ndege kutoka Ulaya.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga hadi leo, ulilegeza neno moja. Kifungu cha 35 hakikatazi kabisa. Chasema zana za vita zisipitishwe ndani au juu ya nchi ila kwa idhini ya nchi hiyo. Mlango ukawa na mwenyewe. Lakini itakuwaje pale watu wawili wanapojiita mwenye mlango?

Katanga ilijibu swali hilo mwaka 1961. Serikali ya Moïse Tshombe ilikuwa imetangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na hakuna taifa lililoitambua rasmi. Mwezi wa Februari 1961 ndege tatu za kivita za aina ya Fouga Magister, zilizoundwa Ufaransa, ziliteremshwa katika uwanja wa Luano kutoka ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Silaha zirukazo zilikuja zikiwa mzigo, kama vile mikuki iliyofungwa kwa ukambaa. Kwa serikali ya Léopoldville ulikuwa ni magendo. Kwa wenye kushika Luano ilikuwa bidhaa iliyopokewa kwa idhini kamili. Mwezi wa Septemba mwaka ule moja ya ndege hizo iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwamo Waayalandi waliozingirwa Jadotville. Kifungu cha 35 hakikuwa na la kusema, kwa sababu kinamtegemea mwenye mlango, nacho hakimtaji jina.

6. Bunduki isiyo na moto

Sasa turudi kwenye sanduku la mjomba. Bunduki ya hewa si kitu cha kuchezea kilichobuniwa juzi. Mnamo 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya hewa iliyoundwa na Bartholomäus Girandoni, ambayo ilirusha risasi takriban 20 mfululizo bila moshi, wakati bunduki ya baruti ilibidi ishindiliwe upya kila mara. Wamarekani Lewis na Clark walibeba bunduki ya hewa katika safari yao ya 1804 hadi 1806, wakawaonyesha wenyeji ili kuwastaajabisha. Hata hivyo mkataba wa Brussels ulitaja silaha za moto, nayo ya hewa haikutajwa.

Mashaka hayo yangalipo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, ya mwaka 2001, inaeleza silaha ya moto kuwa ile inayotoa risasi kwa nguvu ya kilipukizi. Kwa kipimo hicho bunduki ya hewa haimo. Lakini katika viwanja vya ndege kipimo ni kingine. Tangu 1974, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipotoa kiambatisho chake cha 17 juu ya usalama, swali la mlangoni limekuwa: kitu hiki chaweza kumtisha au kumjeruhi mtu ndani ya ndege? Kwa swali hilo bunduki ya hewa imo pamoja na nyingine: haiingii pamoja na abiria, husafiri chini pamoja na mizigo, haina risasi ndani, imetangazwa kwa shirika la ndege na kukubaliwa. Tena chupa yake ya hewa iliyoshindiliwa ni hatari ya namna nyingine kabisa, na kwa desturi hutakiwa kuwa tupu. Na tatu ni sheria ya nchi mtu anakofika. Kwetu, amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ina kichwa kisemacho "silaha na risasi", si "silaha za moto" peke yake. Ndiyo maana mwenye kuleta chochote kinachofanana na silaha afadhali aulize mapema na apate karatasi kabla hajapanda ndege.

Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa silaha katika ndege, kisiwe silaha ya moto katika itifaki, na kiwe na hukumu yake ya tatu forodhani. Kijana wa zamu alikuwa na haki ya kudai ruhusa, kwa kuwa neno "silaha" ni pana. Alikosea alipoandika "ya moto". Mjomba alikuwa na haki katika kukana moto. Alikosea alipodhani kwamba pasipo moto hapana sheria. Kati yao palikuwa na neno "bunduki", ambalo kila mmoja alilishika upande wake.

7. Hitimisho

Tumeona milango mingi: forodha ya Unguja, hongo ya Ugogo, Bunkeya, ghala la Brussels, Sakania, Luano. Katika kila mmoja silaha ilipewa jina, na jina likaamua nani apite. Ofisi zenyewe zimebadilika majina pia: ile iliyoitwa OFIDA tangu 1979 ikawa DGDA tangu 2009. Jambo moja halijabadilika: karatasi ya mlangoni huandikwa kwa lugha moja, na maneno ya mlangoni husemwa kwa lugha nyingine.

Hapa ndipo wajibu wetu sisi wa idara za lugha unapoanza. Katiba ya Februari 2006 inataja katika kifungu cha kwanza lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na katika kifungu cha 142 inaitaka serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo katika siku 60 tangu kutangazwa. Hilo ni deni. Sheria ya 1985 ni ya kabla ya Katiba hii, lakini mkulima anayeulizwa ruhusa leo anaishi chini ya zote mbili. Kuitafsiri si kazi ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kifaransa. Ni kazi ya kuamua, na kuandika wazi, kama bunduki ya hewa ni bunduki. Kama pupu ya mhunzi ni gobori au ni jambo jingine. Kama ushuru na faini ni vitu viwili. Na kwamba hongo, ambayo zamani ililipwa mchana, leo haina nafasi.

Napendekeza kwamba wanafunzi wetu wa licence wachukue matini za sheria za namna hii kuwa mada za kazi zao, wakae na watu wa forodha, wawindaji, wahunzi na wasafiri, wakusanye maneno yanayotumika kweli, kisha wayapeleke kwa wenye kuandika sheria. Mwaka 1890 watu waliokusanyika Brussels waliamua kwa lugha yao nani awe na gumegume na nani awe na bunduki ya mifereji, na hakuna aliyekwenda kumweleza Msiri. Sisi hatuna kisingizio hicho, kwa sababu leo miongoni mwa wanaoandika sheria na wanaosimamishwa mlangoni wamo wanaokijua Kiswahili.

Mjomba wangu hakupata bunduki yake. Msimu uliofuata alifunga makopo matupu kwenye kamba, akaizungushia shamba lote, na wajukuu wakawa wanaivuta kamba kila asubuhi. Kanga walikimbia mlio.